Naye Aliyelala Wodini Asikilizwe

Tunapouliza kama polisi huwatendea haki waendesha pikipiki baada ya ajali, hatuwatetei wanaopakia mishikaki wala wanaoendesha bila kofia ngumu. Hayo ni makosa, na yana adhabu yake. Lakini kukosa kofia hakuthibitishi nani aliyemgonga mwenzake.

Gari na bodaboda vinapogongana, mwenye gari husimama barabarani akieleza, na askari huchora ramani ya tukio na kuandika. Kijana wa pikipiki yuko wodini, mguu umevunjika, hana wa kumsemea. Apatapo nafuu, hukuta maneno ya upande mmoja yamekwisha kuwa kesi yake.

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 yatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria, tena mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Basi askari na amfuate majeruhi kitandani, apokee maelezo yake kabla ya kuamua nani ashtakiwe.

Nasi viongozi wa jumuiya tusiishie kupeleka uji hospitalini. Tuwatafute walioona, tuwasindikize kituoni. Aliyeona akanyamaza amekwisha kuegemea upande mmoja.