ATI SOSHOLOJIA NI KUULIZA WATU WALIKULA NINI?

Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani Runyenjes na ile karatasi ya kuchagua kozi za chuo kikuu. Katika nafasi ya kwanza nilikuwa nimeandika Sosholojia. Mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliichukua, akaisoma, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sasa wewe, na hesabu zako zote, unaenda kusomea kuuliza watu jana walikula nini?"

Nilinyamaza. Kwetu mtoto hajibizani na mjomba wake. Isitoshe, huyu ndiye aliyenilipia karo nikiwa Kidato cha Pili, kwa hivyo tafadhali msidhani namdharau. Lakini Chama cha Kiswahili kimenipa ukurasa mzima, nami nitajibu hapa ambapo hawezi kunikatiza.

Tuanze na hilo swali lake la chakula. Katika miaka ya sitini babu na nyanya yangu walihama Embu wakaenda Mwea kulima mpunga. Mradi ule ulianzishwa katika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliokuwa kizuizini walitumiwa kuchimba mifereji yake. Kila familia iligawiwa ekari nne. Marehemu babu alipokuwa akitusimulia, Mwea ilikuwa neema tupu: maji hayakauki, na pesa za mpunga zinakuja kwa mkupuo. Ukimsikiliza Cucu, utadhani waliishi nchi mbili tofauti. Yeye husimulia kuni. Tambarare ile haikuwa na miti ya kutosha, kuni zikawa za kununua. Husimulia kupandikiza mpunga mgongo umepinda tangu asubuhi, kisha jioni aende kwenye kashamba kake ka mahindi na maharagwe, maana babu hakukubali kwamba wali unaweza kumshibisha mtu mzima. Na hizo pesa za mkupuo? Zilikuja kwa jina la babu.

Kwa miaka mingi nilidhani hayo ni manung'uniko ya uzee tu. Halafu mwalimu wetu mmoja akanionyesha kitabu kuhusu Mwea kilichotolewa mwaka 1973 na Robert Chambers na Jon Moris. Moris hakuwa mgeni huku kwetu. Tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1970 ilihusu wakulima wa Embu. Kitabu kimejaa mifereji, leseni na magunia, lakini mna sura moja aliyoandika pamoja na Jane Hanger kuhusu wanawake na uchumi wa nyumbani. Jamani, nilishtuka! Kuni zimo. Kashamba kamo. Pesa kuingia mkononi mwa mume, na mke kutegemea mpunga kidogo anaopewa ili auze, hilo nalo limo. Mradi ulisifiwa, na ukihesabu magunia ulistahili sifa kweli. Ila mwenye kuhesabu magunia hakuwa na haja ya kumuuliza Cucu chochote. Waliouliza nani amepika nini, na kwa kuni zilizonunuliwa na nani, ndio walioona kwamba kuhamia Mwea kulimletea mume pesa na kumwondolea mke usemi juu ya chakula chake mwenyewe.

Mjomba atasema hao ni Wazungu, wana wakati wa kuchezea. Haya basi. Mwaka 1984 Philista Onyango wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika pamoja na Diane Kayongo-Male kitabu cha sosholojia ya familia ya Kiafrika. Onyango huyo pia aliongoza ANPPCAN, shirika la Afrika nzima la kuwakinga watoto na dhuluma. Sioni mchezo hapo.

Na wenzangu wa Meru wasinune, sijawasahau. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke walipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi walikaidi wakatahiriana wenyewe, na kizazi chao kikabandikwa jina Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Mimi siungi mkono ukeketaji hata chembe, na sheria ya mwaka 2011 imeukataza kabisa. Ninachosema ni kwamba mafaili yalihifadhi mashtaka na faini. Ilibidi mwanahistoria Lynn Thomas kutoka Marekani aje Meru, miongo minne baadaye, awakalishe wale wasichana ambao sasa ni nyanya na kuwauliza walikuwa wakifikiri nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 2003. Miongo minne!

Sasa niseme la nyumbani, ingawa ni gumu. Baba anafanya kazi Mombasa. Mama ndiye anayepalilia chai, anayeichuma, anayeibeba mgongoni mpaka kituo cha kuuzia. Nambari ya chai ni ya baba. Mwaka juzi nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo wiki mbili baada ya bonasi kulipwa. Baba si mtu mbaya. Alikuwa amelipia ploti, wala hakujua kwamba barua ya karo ilikuwa imekuja. Mama alijua, lakini mama hakuwa na nambari. Ndipo akaenda kwa kaka yake, ambaye ndiye mjomba huyu anayecheka. Je, aliwahi kujiuliza kwa nini dada yake, mwenye chai nyingi namna ile, alikuja kumwomba yeye?

Kuhusu ajira sitabishana naye, wenye digrii wanaotafuta kazi tunawaona hata hapa sokoni. Lakini wahandisi pia wamo miongoni mwao.

Kabla ya kurudi shuleni nilinunua daftari, nikaketi na mama jikoni, nikamuuliza swali lile lile: jana tulikula nini, na nani alilipa? Kwanza alicheka kama kaka yake. Kisha akaongea mpaka moto ukazimika, nami nikajaza kurasa kumi na nne. Karatasi ya kozi sijaibadilisha. Mjomba akija Agosti, daftari litakuwa mezani, na kurasa zilizobaki ni zake.

Mwanachama, Kidato cha Nne