Mkataba wa Kijana na Matumaini ya Mji Mzima



Ijumaa ya leo nawaomba radhi wale wasiopenda kusikia habari za mipira. Jambo nilikusudialo ni la ujira, ahadi na malezi ya vijana, ingawa limevaa jezi.

Watoto wetu siku hizi huzijua tarakimu za mikataba ya wachezaji kuliko wanavyoijua nauli ya kwenda kwa bibi zao. Fulani kasaini kwa milioni kadhaa, fulani analipwa kadhaa kwa wiki. Na sisi baba zao, tusijitoe, huzitaja tarakimu hizo hizo barazani baada ya Isha. Basi na tuuchukue mkataba mmoja tuutazame tangu siku uliposainiwa hadi ulipokwisha. Nimeuchagua wa zamani kidogo kwa kuwa matokeo yake yote yamekwishajulikana, wala hapana haja ya kubashiri.

Mwenye mkataba ni Sam Bradford, kijana wa Oklahoma nchini Marekani, mwenye nasaba ya Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Mpira wao si huu wetu. Wao huubeba na kuurusha kwa mikono, na mtu mkubwa uwanjani ni yule mrushaji ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Bradford alikuwa mrushaji. Mwaka 2008, akiwa chuo kikuu, alitunukiwa tuzo ya Heisman, ambayo ni heshima ya juu kabisa kwa mchezaji wa vyuo. Mwaka uliofuata aliumia bega la mkono uleule anaorushia, akafanyiwa upasuaji.

Hapana budi nieleze utaratibu wao, maana bila huo kisa hakieleweki. Kila mwaka mwezi wa Aprili timu za ligi yao, NFL, huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo hutangulia kuchagua. Nia ni njema: mnyonge apewe nafasi ya kunyanyuka. Lakini tazameni upande wa kijana. Yule aliye bora kuliko wenziwe wote hupelekwa kwenye nyumba iliyo mbovu kuliko nyumba zote, na hana hiari ya kuchagua.

Mwaka 2010 nyumba hiyo mbovu ilikuwa timu ya Rams ya mji wa St. Louis. Mwezi Januari 2000 timu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa. Miaka kumi baadaye ilikuwa kichekesho. Msimu wa 2007 ilishinda michezo 3 kati ya 16, msimu wa 2008 ikashinda 2, na msimu wa 2009 ikashinda mmoja tu. Jumla ni michezo 6 kati ya 48. Rams wakamchagua Bradford wa kwanza, na mwezi Julai 2010, akiwa na umri wa miaka 22, akasaini mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78. Kati ya hizo, dola milioni 50 zilikuwa za uhakika, yaani atalipwa tu, acheze vizuri au vibaya, awe mzima au mgonjwa. Alikuwa bado hajarusha mpira hata mmoja katika ligi ile.

Watu waling'aka. Wachezaji wakongwe waliokwisha kuvunjika mbavu kwa ajili ya timu zao walilalamika kwamba mtoto asiyejulikana atawapita kwa kipato. Malalamiko yao yalikuwa na hoja. Mwaka 2011 wenye timu na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka kiwango maalumu cha malipo ya wageni wa ligi, na kijana aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo, Cam Newton, akapata dola milioni 22 kwa miaka minne. Bradford akawa wa mwisho kuzivuna zile za zamani.

Hata hivyo mimi simlaumu kijana kwa kupokea. Hakumshikia mtu bunduki. Katika mchezo ule mikataba mingi huvunjwa na timu wakati wowote ipendapo, na mchezaji akiumia huweza kujikuta nje ya lango. Hizo fedha za uhakika ndizo ngao pekee aliyokuwa nayo, na mwenye busara huomba ngao kabla ya vita.

Kosa lilikuwa kwingine. Dola milioni 78 zilipotangazwa, watu wa St. Louis waliacha kumwona mchezaji, wakamwona mwokozi wa timu. Mwanzoni mambo yakaenda kana kwamba wamepatia. Katika msimu wake wa kwanza Bradford alianza michezo yote 16, akakamilisha pasi 354, idadi ambayo hadi wakati ule hapana mgeni wa ligi aliyewahi kuifikia, na akachaguliwa kuwa mshambuliaji bora miongoni mwa wageni. Timu iliyoshinda mchezo mmoja mwaka wa nyuma ikashinda 7. Mchezo wa mwisho, mwanzoni mwa Januari 2011, ulichezwa Seattle, na mshindi ndiye angeingia hatua ya mtoano. Rams wakafungwa 16 kwa 6.

Ulikuwa ndio ukingo wa karibu zaidi aliowahi kuufikia pamoja nao. Kocha wake wa mashambulizi akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu kwingine. Akaja wa pili na mbinu zake, na msimu wa 2011 ukaisha kwa ushindi wa michezo 2, huku Bradford akichechemea kwa kifundo cha mguu. Kocha mkuu akafukuzwa. Mwaka 2012 akaja kocha wa tatu wa mashambulizi. Fikirini mwanafunzi wa chuoni aliyebadilishiwa mwalimu mara tatu katika miaka mitatu, kila mwalimu na kitabu chake, kisha aulizwe mbona hajahitimu. Oktoba 2013 kano ya goti lake la kushoto ikakatika. Akauguza karibu mwaka mzima, akarejea, na Agosti 2014, katika mchezo wa maandalizi tu, kano ileile ikakatika tena. Mwezi Machi 2015 Rams wakambadilisha na mchezaji wa Philadelphia.

Magazeti ya kule yakaanza kupiga hesabu: amelipwa kiasi gani kwa kila mchezo alioshinda. Hesabu hiyo ni rahisi kuipiga, na ndiyo maana hupigwa sana. Iliyo ngumu ni kuuliza wale waliopaswa kumkinga asiangushwe walikuwa nani, waliopaswa kuidaka mipira yake walikuwa nani, na nani aliwachagua.

Wanazuoni wetu wa fikihi, katika mlango wa ijara, husisitiza mambo mawili: kazi ijulikane na ujira ujulikane, ili pasiwe na ghururi baina ya mwajiri na mwajiriwa. Ukiupima mkataba wa Bradford kwa kipimo hicho, ujira ulijulikana mpaka senti ya mwisho. Kazi nayo ilijulikana: afanye mazoezi, acheze, atii makocha. Kuufufua mji hakukuandikwa popote. Kuwarudishia watu fahari ya mwaka 2000 hakukuandikwa. Hilo ni deni waliloliandika mashabiki wenyewe vichwani mwao, kisha wakamdai mtu asiyelikopa.

Na kama mnataka ushahidi kwamba nyumba ina neno kuliko mpangaji, mtazameni Matthew Stafford. Yeye alichaguliwa wa kwanza mwaka 2009 na Lions wa Detroit, waliokuwa wamepoteza michezo yote 16 msimu uliotangulia. Naye alipewa mamilioni, naye akaitwa mkombozi. Alikaa Detroit miaka kumi na miwili bila kushinda mchezo hata mmoja wa mtoano. Mwaka 2021 akahamishiwa Rams, ambao kufikia wakati huo walikwisha kuhamia Los Angeles na kujengeka upya, na Februari 2022, msimu wake wa kwanza tu pale, akatwaa ubingwa. Mkono wake ulikuwa uleule, na umri ulikuwa umekwisha kumpita ujana. Mmiliki wa Rams, kwa wasiojua, ni Stan Kroenke, bwana yuleyule wa Arsenal ambaye vijana wetu walimlaani kwa miaka kadhaa. Bila shaka wapo wanaomlaani mpaka sasa, kwa sababu nyingine.

Sisi nasi tumelionja jambo hili. Januari 2020 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alisaini Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hakuwa mwanagenzi, kwani alikuwa na miaka 27, lakini katika ligi ile alikuwa mgeni. Villa walikuwa wakipigania kutoshuka daraja, na mshambuliaji wao alikuwa ameumia goti siku ya mwaka mpya. Nani asiyekumbuka furaha ile? Alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, kule Bournemouth. Tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa timu yake ilifungwa 2 kwa 1. Kisha mabao yakakauka. Villa walinusurika siku ya mwisho ya ligi, na Septemba mwaka huohuo yeye akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Baadhi yetu tuliokuwa tukimwita nahodha wetu, fahari yetu, tulibadili ulimi kabla hata hajafungasha mizigo. Nasema tuliobadili, kwa kuwa nilikuwamo barazani na sikunyamaza kama nilivyopasa.

Tena mambo haya hayaishii kwa waliofika Ulaya. Ziko nyumba nyingi mitaani mwetu ambazo kijana mmoja mwenye kipaji ndiye karo ya wadogo zake, bati la nyumba ya mama yake na matumaini ya wajomba wote. Hajasaini kokote, na tayari amekwisha kugawanywa. Akikosa kupangwa Jumamosi, chakula cha usiku huliwa kimya. Kijana kama huyo, akiletewa karatasi ya kusaini, husaini. Huona aibu kuomba siku mbili za kusoma, na baba huona aibu kuuliza, akichelea bahati isije ikaondoka.

Nami nawaambia akina baba wenzangu: ulizeni. Msianze na tarakimu kubwa iliyoandikwa juu. Shukeni chini, mtafute panaposema akivunjika mguu atatibiwa na nani, na atalipwa kwa miezi mingapi akiwa kitandani. Bradford aliuguza goti mara mbili na hakukosa mshahara, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Wa kwetu, wengi niliowaona wakirudi mtaani na magongo, walirudi na magongo tu. Kama hamwielewi Kiingereza cha karatasi ile, mpelekeeni mwalimu au wakili msikitini kwenu. Wapo, na wengi wao hawataomba hata nauli. Klabu inayokataa kungoja siku mbili kijana asome, ifikirieni itamngoja miezi mingapi apone.