Mshika Kamera Naye ni Msimulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotaja kwamba angependa kuwa mpigapicha wa filamu, aghalabu huulizwa swali moja: "Kamera utaitoa wapi?" Swali hili limewakatisha wengi tamaa. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: je, unajua kuutazama mwanga?

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilianguka mtihani huo. Nikiwa nyanjani kukusanya ngano, nilimrekodi bibi mmoja mtambaji akiwa ameketi mbele ya dirisha lililo wazi. Kamera ilikuwa ya kuazima, tena nzuri. Niliporejea chuoni nikakuta kivuli kinachozungumza. Macho na mikunjo ya uso iliyobeba kejeli ya ngano ile haikuonekana kamwe. Kabla sijapata nauli ya kurudi, bibi alikuwa amefariki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi sikuwa na wa kumsingizia.

Basi tuanze na jua lenyewe. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu utosini na huyajaza macho ya mhusika vivuli. Piga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Ukilazimika kupiga mchana, msogeze mhusika kivulini, kisha umrudishie mwanga usoni kwa kitambaa au kadibodi nyeupe. Kamera ikiachwa ijiamulie, hudanganywa na anga au ukuta mweupe, na ngozi nyeusi ikapotea gizani. Pima mwanga usoni, si ukutani. Aidha, umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hivyo chagua fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa katika picha. Wawili wakizungumza, chora akilini mstari unaowaunganisha na usiuvuke, ili kila mmoja aendelee kutazama upande wake.

Mambo haya si mageni kwa mwanafasihi. Kamera ikiwekwa chini ya kimo cha macho humkuza mhusika. Ikiwekwa juu humdunisha. Picha ya karibu hufanya kazi ya uzungumzi nafsia. Kuchagua pa kuiweka kamera ni kuchagua nafsi ya usimulizi, na sisi tumeisomea nafsi hiyo miaka mingi. Kwa nini basi tuwaachie wengine hadithi zetu?

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, mnamo Oktoba 1984. Picha hizo ziliutikisa ulimwengu na kuchochea michango iliyofikia kilele katika tamasha la Live Aid la 1985. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko jijini Addis Ababa, lakini akarejea kazini, akaendelea hadi kifo chake mwaka 1996. Wenye kamera walikuwa wengi. Waliofika mahali palipohitaji kuonwa walikuwa wachache.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii riziki, nina mawaidha matatu. Kwanza, usione haya kuanza kama msaidizi: kubeba stendi, kufuta lenzi na kukunja nyaya ni shule. Pili, tengeneza filamu fupi ya dakika mbili iliyo safi badala ya ya saa nzima iliyojaa makosa, na uhifadhi nakala zake mahali pawili. Tatu, dai mkataba wa maandishi kabla ya kuwasha kamera. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humtambua aliyefanya mipango ya kutengeneza filamu kuwa ndiye mtunzi wake, wala si mshika kamera. Usipoandikiana mapema malipo yako na kutajwa kwa jina lako, utalia peke yako.

Ndugu zangu wanachama, watambaji wetu wanazidi kuzeeka. Simu iliyo mfukoni mwako yatosha kuanzia. Wikendi hii nenda kwa mzee unayemjua, mgeuze aelekee dirishani, kisha umsikilize.