Waliochoma Vizuizi vya Mpakani

Aghalabu historia ya muungano wa Ulaya husimuliwa kana kwamba iliundwa na mawaziri pekee. Robert Schuman husifiwa kwa tangazo lake la tarehe 9 Mei 1950; wanafunzi husahaulika. Ilhali tarehe 6 Agosti mwaka uo huo, vijana wapatao 300 kutoka nchi mbalimbali walikutana St. Germanshof, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa, wakang'oa vizuizi vya barabarani na kuvitia moto. Vita vilikuwa vimekoma miaka mitano tu! Walidai bunge na serikali moja ya Ulaya. Mkataba wa Schengen wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini mwaka 1985, miaka 35 baadaye. Viongozi walizoea kuamua mambo faraghani. Wafaransa na Waholanzi walipoulizwa kuhusu katiba ya Ulaya mwaka 2005, waliikataa. Nani alistahili kushangaa?