Tahariri: Mazembe isimfukuze Lamine N'Diaye katikati ya msimu

Mechi sita, ushindi mmoja, pointi tano, nafasi ya mwisho. Hiyo ndiyo hesabu ya TP Mazembe katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, iliyofungwa mwezi wa Januari 2025. Al Hilal ya Sudan ilimaliza na pointi 10, MC Alger ya Algeria 9, Young Africans ya Tanzania 8. Kunguru walibaki na 5.

Tangu hapo, swali moja linazunguka katika mji wa Likasi, kutoka Kikula hadi Panda na Shituru, kama linavyozunguka Lubumbashi: je, kocha Lamine N'Diaye afukuzwe? Likasi iko kilomita 120 hivi tu kutoka uwanja wa Kamalondo. Kuna familia hapa ambazo zimekuwa za Mazembe tangu baba na babu, na zingine za Lupopo. Kwa wapenzi hao, safari ya kwenda kuangalia mechi ni pesa ya usafiri, ya tiketi na ya chakula, inayotolewa katika mshahara ambao mara nyingi haufiki mwisho wa mwezi. Mtu aliyetoa pesa hiyo ana haki ya kukasirika. Lakini hasira ni kitu kimoja, na uamuzi mzuri ni kitu kingine.

Wanaotaka kocha aondoke wana sababu

Tuanze kwa kuwapa haki yao. Mazembe ilianza nyumbani kwa sare ya 0-0 na MC Alger. Ikaenda Nouakchott, ikafungwa 2-1 na Al Hilal. Ikarudi Lubumbashi, ikiwa inaongoza dhidi ya Young Africans, lakini Prince Dube akasawazisha katika dakika za nyongeza: 1-1. Tarehe 4 Januari ikapigwa 3-1 Dar es Salaam, kisha 1-0 kule Algiers. Katika mechi tano za kwanza, klabu iliyobeba kombe hili mara tano ilifunga mabao matatu tu na haikushinda hata mara moja.

Ushindi wa 4-0 dhidi ya Al Hilal katika mechi ya mwisho haubadilishi sana picha. Siku hiyo Mazembe ilikuwa imekwisha kutolewa, na Al Hilal ilikuwa imekwisha kufuzu. Mabao manne katika mechi isiyokuwa na uzito yanafurahisha macho, ila hayawezi kutumiwa kama ushahidi wa kumtetea kocha.

Tena kocha mwenyewe si mgeni wa kuhurumiwa. Msenegali huyu ndiye aliyekuwa kwenye benchi mwaka 2010, Mazembe ilipoipiga Espérance ya Tunis 5-0 katika fainali ya kwanza na kutwaa kombe, kisha ikawatoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil na kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu dhidi ya Inter Milan. Aliporudi mwaka 2023, aliipatia klabu ubingwa wa taifa wa msimu wa 2023-2024 na kuifikisha nusu fainali ya Afrika, ambapo Al Ahly iliizuia kwa 0-0 Lubumbashi na 3-0 Cairo. Kutoka nusu fainali mwezi wa Aprili hadi nafasi ya mwisho ya kundi mwezi wa Januari: huko ni kuanguka, na kocha lazima ajibu.

Kundi lenyewe lina fundisho

Lakini kabla ya kumfungia mtu mizigo, inafaa kuangalia waliomaliza juu ya Mazembe.

Al Hilal, iliyoongoza kundi, haikuwa hata na nyumba. Vita vya Sudan viliifukuza Omdurman, na mechi zake za nyumbani ilizicheza Mauritania. Kocha wake alikuwa Mkongomani, Florent Ibenge, yule aliyeongoza AS Vita na Léopards. Alifika Al Hilal mwaka 2022. Msimu wake wa kwanza, timu ilitolewa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Msimu wa pili, ilitolewa tena katika makundi. Viongozi wa klabu nyingi wangekuwa wamekwisha kumwonyesha mlango. Al Hilal ilimwacha aendelee, na mwaka wa tatu, bila uwanja wake na bila mashabiki wake, ikamaliza ya kwanza.

Young Africans ilichagua njia nyingine. Mwezi wa Novemba 2024, siku chache kabla ya makundi kuanza, ilimwondoa Miguel Gamondi na kumweka Sead Ramovic. Kocha mpya alipoteza mechi mbili za kwanza za kundi, 2-0 na 2-0. Baadaye timu ikaamka, ikaifunga Mazembe, ikaenda kuifunga Al Hilal, lakini ikakosa robo fainali kwa pointi moja. Pointi zilizopotea wakati kocha na wachezaji wanazoeana ndizo zilizokosekana mwishoni.

Mfano mmoja si sheria, na mtu anaweza kusema Yanga isingefika hata pale bila mabadiliko. Ila kundi hili halimpi nguvu yeyote anayedai kwamba kubadili kocha katikati ya msimu ni dawa.

Historia ya Mazembe yenyewe

Mazembe pia ina kumbukumbu zake, na mbili kati yake zinafaa kuwekwa pamoja.

Mwaka 2016, ikiwa bingwa mtetezi, ilitolewa na Wydad Casablanca kwa 2-0 na 1-1. Kocha alikuwa Mfaransa Hubert Velud. Hakufukuzwa. Timu ilishuka katika Kombe la Shirikisho, na mwezi wa Novemba ikalibeba mbele ya MO Béjaïa ya Algeria, 1-1 na 4-1.

Mwaka 2017, ikatolewa tena mapema, safari hii na CAPS United ya Zimbabwe: 1-1 Lubumbashi, 0-0 Harare. Kocha alikuwa Mfaransa mwingine, Thierry Froger, ambaye alikuwa na miezi michache tu kazini. Yeye aliondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumbani, mchezaji wa kikosi cha 2010. Timu ilishuka katika Kombe la Shirikisho, na mwezi wa Novemba ikalibeba tena mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini.

Mwaka mmoja kocha alibaki, mwaka mwingine kocha aliondoka, na kombe lilikuwa lile lile. Anayetaka kumtetea kocha atataja 2016. Anayetaka kumfukuza atataja 2017. Wote wawili wanasahau kwamba kitu kilichokuwepo miaka yote miwili ni timu: wachezaji waliozoeana na kuzoea mechi kubwa, uwanja wao wenyewe wa Kamalondo, mishahara na safari zilizopangwa, na rais, Moïse Katumbi, anayeongoza klabu tangu 1997. Msingi ule ndio uliobeba makocha, hata kuliko makocha walivyobeba msingi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza leo linapaswa kuwa hili: je, msingi ule bado ni ule ule? Timu iliyofunga mabao matatu katika mechi tano inahitaji mshambuliaji. Timu inayoshindwa kulinda bao moja hadi filimbi ya mwisho inahitaji viongozi uwanjani. Kocha anaweza kufundisha namna ya kukimbia na wapi pa kusimama, lakini orodha ya wachezaji haiandiki peke yake. Wanaonunua, wanaouza na wanaochagua ni lazima nao wakae kwenye kiti cha kuulizwa.

Shampiona yetu nayo imechangia. Msimu wa 2022-2023 wa Linafoot ulisimama bila bingwa. Mchezaji anayecheza mechi za taifa kwa kusuasua, leo mechi, kesho kuahirishwa, hawezi kufika mbele ya Waalgeria au Watanzania akiwa na miguu ile ile. AS Maniema Union ya Kindu, klabu nyingine ya Kongo iliyokuwa katika makundi msimu huu, nayo haikuvuka. Klabu mbili, makocha wawili, matokeo ya aina moja. Hapo tatizo limevuka mipaka ya benchi moja.

Bei ya kufukuza

Kuna pia hesabu ya pesa. Tangu 2021, sheria za FIFA zina sehemu maalum inayowalinda makocha. Klabu ikivunja mkataba bila sababu ya haki, kocha anaweza kudai fidia, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa kuangalia mishahara iliyobaki hadi mwisho wa mkataba. Kufungwa mechi peke yake ni vigumu kukubaliwa kama sababu ya haki. Klabu isipolipa, inaweza kuzuiliwa kusajili wachezaji wapya. Na baada ya hapo bado inabidi kumlipa kocha mpya, wasaidizi wake, na wachezaji atakaowataka kwa sababu waliopo "si wa mtindo wake".

Pesa hiyo ndiyo ingenunua mshambuliaji anayekosekana.

Kinachofaa kufanywa

Mazembe isimfukuze Lamine N'Diaye sasa. Msimu wa Afrika umekwisha, hakuna kocha atakayeurudisha. Kilichobaki ni shampiona ya taifa, na humo ndimo kuna tiketi ya kurudi katika Ligi ya Mabingwa. Kocha anayejua kikosi, aliyechukua ubingwa huo msimu uliopita, ana nafasi nzuri zaidi ya kuipata tiketi hiyo kuliko mgeni atakayetumia miezi miwili kujifunza majina ya wachezaji.

Lakini kumwacha kusiwe zawadi. Kamati imwambie mambo matatu, kwa maandishi. La kwanza, nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ndicho kipimo, na ikikosekana, mkataba unajadiliwa mwishoni mwa msimu, kwa utulivu na kwa heshima. La pili, vijana wa chuo cha klabu wapewe dakika za kucheza, maana klabu inayolea wachezaji na kuwaacha benchi inajipiga mwenyewe. La tatu, kila usajili mpya uwe na jina la aliyeupendekeza, ili siku ya hesabu kila mtu abebe mzigo wake.

Anayeona subira ni udhaifu aangalie ndani ya klabu ile ile. Timu ya wanawake ya Mazembe ilishiriki Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2022 na kuishia katika makundi. Mwezi wa Novemba 2024, chini ya kocha Mmorocco Lamia Boumehdi, iliifunga AS FAR 1-0 huko huko Morocco na kuwa bingwa wa Afrika. Kati ya kushindwa kule na ushindi huu kulikuwa na miaka miwili ya kujenga.

Neno kwa Likasi

Jambo hili linatugusa kwa sababu nyingine. Mazembe ni kioo cha mpira wa Katanga. Inachofanya yeye, klabu ndogo zinaiga. Mji wetu una US Panda B52, iliyokwisha kupeleka jina la Likasi katika daraja la kwanza, na una timu nyingi za komini na za kartie zinazocheza kwa michango ya wazazi, ya wafanyabiashara wadogo na ya wafanyakazi wa migodi. Katika timu hizo kocha mara nyingi hana hata mkataba. Mechi tatu zikipotea, anaitwa jioni, anashukuriwa, basi. Anayekuja anaanza upya, na watoto wa miaka 16 wanafundishwa mambo mapya kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja.

Mazembe ikikosea kocha, ina pesa ya kutafuta mwingine. Timu ya kartie ikikosea, inapoteza kizazi kizima cha wachezaji, na mara nyingi kizazi hicho hakirudi uwanjani tena. Kinaenda kuchimba.

Ndiyo maana uamuzi wa Kamalondo una uzito hadi huku. Klabu kubwa ikionyesha kwamba kocha anapimwa kwa malengo yaliyoandikwa, kwa muda uliokubaliwa, na kwamba viongozi nao wanapimwa pamoja naye, viongozi wa klabu ndogo watakuwa na mfano wa kufuata. Ikimtoa mtu mmoja ili kutuliza kelele za wiki moja, tutakuwa tumejifunza tu namna ya kutafuta mwenye kosa.

Lamine N'Diaye amalize msimu. Tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikipatikana, aendelee kujenga. Isipopatikana, aagwe vizuri, na siku hiyo hiyo waliosajili kikosi hiki nao waeleze kazi yao mbele ya mashabiki.