Maana ya Maneno: Mtaalamu wa Nchi ni Nani?

Mwanafunzi mmoja wa Masisi amekuta katika kitabu cha Kiingereza neno “Africanist”, naye atuuliza asili yake. Twamjibu kwa furaha.

Neno hilo lina vipande viwili. “Africa” ni jina ambalo Warumi waliiita nchi ya kaskazini iliyozunguka mji wa Karthago. Baadaye likaenea bara zima. Kipande cha mwisho kimetoka katika Kiyunani, kikapita katika Kilatini na Kifaransa. Nasi twakisikia parokiani kila Dominika: si ndicho kilichomo katika neno “katekista”? Basi, “Africanist” ni mtu aliyejitia katika kazi ya kuchunguza nchi, lugha na desturi za Afrika.

Sisi husema “mtaalamu”. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa “elimu” na “mwalimu”. Maana yake ya kwanza ni mtu ajifunzaye. Hapo pana fundisho: mtaalamu si yeye ajuaye yote, bali yeye asiyeacha kujifunza.

Tazameni mfano wa Walikale. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji, aliketi kumsikiliza Rureke, msimuliaji wa Banyanga, akiimba na kusimulia habari za shujaa Mwindo. Habari hizo zilichapwa kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Mwenzake Biebuyck katika kitabu hicho alikuwa Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, ambaye baadaye aliandika pia sarufi ya Kihunde, lugha ya Masisi. Je, katika hao watatu, mtaalamu ni yupi? Twasema: wote watatu. Lakini pasipo kinywa cha Rureke, kalamu za wenziwe zisingalikuwa na la kuandika.

Mwindo naye alijivuna, akachukuliwa juu angani akafundishwa unyenyekevu. Ndipo aliporudi kutawala vema.

Vita vimewatoa wengi wa Masisi na Walikale vijijini mwao. Mtoto akuliaye kambini, mbali na moto wa babu yake, aweza kupoteza lugha yake bila kujua. Basi, vijana, msingoje mgeni aje kuwauliza wazee wenu. Ketini nao jioni hii, mkaandike hadithi moja kama waitamkavyo. Elimu ni bahari, na mto wake mmoja wapita mlangoni penu.