Nani Aliiua Perseptroni?

Julai 1958, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaita waandishi wa habari jijini Washington waone kompyuta ya IBM 704 ikijifunza kwa mfumo ulioitwa perseptroni. Ilionyeshwa kadi, nyingine zina alama kushoto, nyingine kulia. Baada ya majaribio 50 ikawa inazitofautisha. Basi, hayo tu. Lakini gazeti la The New York Times liliripoti kwamba jeshi linatarajia mashine hiyo itembee, iongee, ione, iandike, ijizalishe na hata ijitambue.

Frank Rosenblatt, mwanasaikolojia aliyebuni perseptroni katika maabara ya Cornell, Buffalo, naye alichochea moto: alisema mashine kama hizo zingeweza kurushwa kwenye sayari nyingine kufanya uchunguzi.

Wazo lake, hata hivyo, halikuwa porojo. Mark I, mashine iliyojengwa baadaye, ilikuwa na vihisi mwanga 400, safu 20 kwa 20, mfano wa jicho. Nguvu ya kila kiungo cha kujifunzia ilipandishwa au kushushwa na mota ndogo, kama mtu anavyozungusha sauti ya redio. Ikikosea, mota zinarekebisha. Hakuna aliyeiandikia kanuni ya kutambua herufi, na hapo ndipo ilipoachana na kompyuta za wakati wake.

Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert wa MIT walithibitisha kihisabati kwamba perseptroni yenye tabaka moja tu la viungo vya kujifunzia inashindwa hata jambo dogo kama kuamua “hiki au kile, ila si vyote viwili”. Tangu hapo wawili hao wamebebeshwa lawama za kukauka kwa fedha za utafiti. Naona wanaonewa, ingawa si watakatifu: MIT nayo ilikuwa ikila fedha za ulinzi kwa ajili ya njia shindani ya kuunda mashine zenye akili. Hesabu zao zilikuwa sahihi. Kuhusu mashine za tabaka nyingi walitoa dhana tu, wakadhani hazitafika mbali. Ni wasomaji walioigeuza dhana hiyo kuwa hukumu, na waliigeuza upesi kwa sababu walikuwa wamekwisha kuahidiwa mashine inayojitambua. Laiti wangeahidiwa mashine ya kusoma herufi, kasoro ya tabaka moja ingekuwa kazi ya kesho tu.

Rosenblatt alifariki katika ajali ya mashua mwaka 1971, akiwa na miaka 43. Watafiti Rumelhart, Hinton na Williams walipoonyesha mwaka 1986 jinsi tabaka nyingi zinavyoweza kufundishwa, hakuwapo kuona.